Kengele na Ramani ya Ukutani

Mwalimu wa jiografia wa darasa la jirani tulimwita Kengele, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akiwatajia wanafunzi wake mito, wangu wa hesabu waliijua pia, kwa sababu ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba na sauti yake haikuwa na habari na kuta. Nilizoea kuchukua dasta na kugonga. Alishusha sauti kidogo, akasahau, akapandisha tena. Tulikwenda hivyo miaka mingi, na sikuwahi kumwambia kwamba wanafunzi wangu walikuwa wanafaulu jiografia kuliko hesabu.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tukamtania kwamba betri zinaisha. Akanywa dawa za kikohozi, akajifunga skafu, mwishowe akaenda hospitali, na aliporudi hakuna aliyemtania tena. Kulikuwa na uvimbe kooni. Daktari alimwambia kwamba akitaka kubaki hai, kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote.

Mumewe, dereva wa lori, alinisimulia pale getini kwamba nyumba yao imepoa. Zamani akitafuta soksi alielekezwa kwa makelele kutoka jikoni. Siku hizi anazitafuta mwenyewe, na akizipata anakaa kitandani nazo mkononi. Alisema hivyo huku anacheka, kisha akageuka akajifanya anakagua tairi.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Niseme hivyo mapema, maana kuna mambo mengine ambayo sijamsamehe. Alimwita Kengele ofisini, akampa pole, akamweleza kwamba kuna kazi ya kutunza stoo ya vitabu, kazi tulivu, mshahara uleule. Kengele akamjibu kwa kile kisauti kilichobaki kwamba yeye hakusomea kufuta vumbi. Akitoka hospitali anataka darasa lake. Mkuu akakuna kichwa: mwalimu asiyesema atafundishaje? Wakakubaliana kwamba kabla ya upasuaji mkuu angekuja kukaa nyuma ya darasa. Akiona kuna somo, atamshikia nafasi. Asipoona, ni stoo.

Aliyemwonyesha njia ni mwalimu wa kompyuta, mama mpole anayetembea na nyaya shingoni kama shanga. Alimfundisha kutengeneza ramani ya mawazo mtandaoni. Unaweka neno moja katikati, ndani ya kiduara. Kila mwanafunzi, na tableti yake, anavuta tawi na kuandika wazo lake, na wote wanaliona papo hapo, hadi ukutani kwenye mwanga wa projekta. Mmoja akiandika mvua, mwenzake anaongeza mafuriko, wa tatu anaingia kubishana. Kengele akaona kwamba akikosa pa kusemea, atahamia humo.

Mara ya kwanza aliharibu. Alitaka kubadilisha neno la katikati, akakifuta kiduara chenyewe, bila kujua kwamba matawi yote yameshikilia hapo. Ukuta ukabaki mweupe. Kazi ya darasa zima ikawa imeyeyuka. Wanafunzi wakamgeukia wakisubiri kishindo, kwa kuwa Kengele hata kosa lake mwenyewe alikuwa analigombeza. Akafungua mdomo, ukatoka upepo tu. Mtu akacheka nyuma. Mwalimu wa kompyuta akabonyeza kitufe kimoja na kila kitu kikarudi, lakini mwenye darasa alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta darasani kwangu, amekaa dawati la mbele, analia bila sauti. Sijawahi kutamani kelele za mtu kama nilivyozitamani zake siku ile.

"Jirani," akaninong'oneza, "mkuu akija, na wewe uje. Mtandao ukikatika, uwe mdomo wangu."

Mkuu alipokuja nilikaa naye kiti kwa kiti. Katikati ya ukuta kulikuwa na neno moja, Maji. Watoto waliinamia tableti na matawi yakaanza kuchipuka: visima, ukame, mabomba yaliyopasuka. Kila tawi lilionyesha jina la mwenye kuliandika. Kengele alipita kati ya madawati, akaandika swali hapa, akaunganisha mawazo mawili pale. Mkuu alitazama watoto walivyo kimya, akatazama saa yake. Kwa watu wa umri wetu, darasa kimya ni darasa lililoadhibiwa.

Ndipo kikatokea kiduara kisichohusiana na chochote. Ndani yake neno moja: Bubu. Juu yake hakukuwa na jina, ila Mgeni. Mtu alikuwa ameingia bila kujitambulisha.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu wa kompyuta akanyoosha mkono akifute. Kengele akamzuia. Nilimwona anavuta pumzi, kisha akavuta tawi kutoka kwenye neno lile na kuandika taratibu, sisi sote tukisoma ukutani.

"Bado. Jumatatu nafanyiwa upasuaji. Baada ya hapo, ndiyo, sitasema tena. Mlistahili kuyasikia haya kwangu mapema. Ulizeni."

Alikuwa hajawaambia. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta nilikuwa sijui kwamba hajawaambia.

Vidole vikarudi kwenye tableti. Kisha tawi la kwanza likatoka: Inauma? Akajibu kwamba inauma akimeza. Jingine likauliza kama ataweza kula. Jingine likauliza atawagombezaje. Akaandika, "Kwa herufi kubwa," na darasa likacheka, hata mkuu akatabasamu kabla hajajizuia. Kisha likaja tawi la yule yule Mgeni.

"Utarudi?"

Kengele aliitazama ile tableti mkononi mwake muda mrefu. Akatembea hadi nyuma ya darasa, akamwekea mkuu tableti mapajani, akasimama mbele yake mikono ikiwa nyuma, kama mwanafunzi.

Mkuu akanitazama. Nikatazama dari. Ukutani, chini ya swali, kiduara kikafunguka kikiwa kitupu, darasa zima likigeuza shingo kukiangalia. Mkuu alikuwa mzito wa kuandika, alitumia kidole kimoja. Herufi zikawa zinakuja moja moja, akikosea anafuta, anaanza tena. Msichana wa mbele alikuwa ameuma kola ya shati lake. Neno likaisha.

"Atarudi."

Alirudi muhula uliofuata, skafu shingoni ikifunika tundu analopumulia. Siku hiyo niliandika hesabu za sehemu ubaoni, lakini masikio yangu yalikuwa upande wa pili, na hakukuwa na cha kusikia. Kimya kile kilinilemea. Nikachukua dasta, nikagonga ukuta vilevile kama zamani, nikimwomba apunguze kelele.

Kengele akagonga kwa nguvu zake zote, vumbi la chokaa likadondoka upande wangu, na nyuma ya ukuta watoto wakaangua kicheko. Wanafunzi wangu wakauliza kuna nini. Niliwapa mgongo, nikawa ninafuta ubao ambao hatukuwa tumemaliza kuusoma.