Mkenya wa Kurithi Vizimba

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti, Homa Bay. Kwenye kaunta ya jirani, ya vibali vya kazi, alisimama Mtanzania mmoja asiyeweza kutulia. Anaketi, anainuka, anachungulia simu. Kibali chake kilikuwa karibu kuisha, na huko Karungu, anakotunza samaki wa kufugwa kwenye vizimba ziwani, wenzake walipiga simu kwamba samaki wamepanda juu wanahema, hewa imepungua majini.

"Msiwalishe! Sogezeni vizimba kwenye kina kirefu!" alifoka, kisha sauti ikalainika ghafla, maana zamu yake ilikuwa imefika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," karani alijibu bila kuinua macho. "Sheria inataka Mkenya mwenye unafundisha hii kazi, ndio aichukue ukienda kwenu. Wako ni nani?"

Akakuna kisogo. "Alikuwepo, mama. Nilimfundisha mpaka akaiva."

"Si umwite?"

"Ameshapata kazi Mwanza. Kwetu."

Karani akaweka kalamu chini. "Basi tafuta mwingine. Bila huyo, hakuna kibali."

Simu ikaita tena. Hakuipokea. Alitugeukia sisi wa foleni, vijana watupu isipokuwa mimi, akatukagua mmoja mmoja.

"Jamani, nani anataka kazi ya samaki? Namfundisha kuanzia leo."

Hakuna aliyeinua mkono. Wote walikuwa pale kutafuta pasipoti, wakaombe vibali vya kazi nchi za watu.