Mgeni Aliyepewa Siku Tatu

Enzi zetu, mtoto wa Kariakoo alikuwa na mambo mawili asiyothubutu kuyafanya: kupiga mluzi baada ya magharibi, na kuzurura uani saa saba mchana, jua likiwa la utosi. Mluzi ulikuwa unaita nyoka. Saa saba mchana ilikuwa saa ya wenyewe, na ukimuuliza mkubwa hao wenyewe ni kina nani, alikutazama tu mpaka ukaona haya kwa kuuliza. Hata nyoka hatukumtaja kwa jina lake jua likishazama, tulisema "ile kamba". Wasimulie watoto wa leo mambo haya, watakuuliza umeyaona kwenye video gani.

Nayakumbuka kwa sababu ya mwanangu Rajabu, kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye ameamua kufuga nyoka. Hakutaka njiwa wala sungura. Tunakaa ghorofani, hapa Mchafukoge, na mahali pa kuanika nguo tu panatushinda. Lakini kijana alihangaikia kibali chake wiki nzima, akatazama video mpaka macho yakawa mekundu, ndipo akaleta sanduku la kioo refu kama jeneza la mtoto. Akafunga taa ya joto upande mmoja, akabandika kipimajoto, akaweka bakuli la maji na gome la mti la kujifichia. Mwisho akafungua mfuko wenye picha ya mjusi, akamwaga makumbi ya nazi yaliyosagwa. Nikacheka. Makumbi yale yale tuliyokuwa tunawashia moto, leo mtu anayanunua dukani! Kicheko hakikufika mbali. Harufu ya yale makumbi ilinirudisha uani kwetu.

Kwetu kulikuwa mitaa michache tu kutoka sokoni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, bomba moja na choo kimoja. Wenzangu mliokulia nyumba hizo hamhitaji maelezo. Mliamka kwa harufu ya maandazi na mkaa, mkaenda shule na fagio mkononi na kidumu cha maji kichwani, mkarudi mkacheza rede mpaka mpira wa soksi ukatumbukia kwenye sufuria ya jirani, na huyo jirani akawachapa, na mama yenu akamshukuru. Mchana mlinyonya barafu za ukwaju mpaka ulimi ukakwaruzika. Kila kitu kilikuwa cha watu wote. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikuwa na kitu hata kimoja cha kwangu peke yangu. Kitanda nililala na Bibi.

Bibi, mzaa mama yangu, alikuwa ametoka Kilwa akiwa bado anaona. Mimi nilimkuta haoni kabisa. Alikaa kutwa kwenye mkeka wake karibu na mlango wa uani, akisokota ukindu, na alitujua wote kwa nyayo. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu, leo umepita bila salamu, umeiba nini?" Nami kweli nilikuwa nimebana andazi kwapani. Hakuna aliyeweza kumdanganya Bibi, na hiyo ilikuwa fahari ya nyumba nzima.

Jumamosi moja asubuhi, Mama alikwenda kuchota maji kwenye pipa. Tukasikia kata imeanguka. Nyuma ya pipa, penye ubichi, alikuwa amelala nyoka wa kahawia, mnene kama mpini wa fagio, mwenye mstari mweupe kila upande wa jicho. Nadhani alifuata panya wa stoo ya mchele ya jirani. Mama hakupiga kelele. Alirudi nyuma polepole, mkono mdomoni.

Baba Happy alitoka chumba cha mbele na mchi. Huyu alikuwa mpangaji wetu kutoka Moshi, mwenye duka la misumari na bawaba, mtu wa kanisani, mwema, ambaye kila Krismasi alitulisha hadi tukavimbiwa na kila Idi alikula pilau letu. "Pisheni, pisheni," akasema. "Huyu ni dakika moja tu."

"Baba Happy," Bibi akamwita kutoka mkekani. "Shusha mchi."

"Bibi, shikamoo. Ni nyoka huyu."

"Marahaba. Namjua. Tangu alfajiri nimemsikia. Nyoka wa porini muue. Wa ndani ya nyumba hupewa siku tatu. Kama ni nyoka tu, atabaki, nawe utafanya kazi yako. Kama ni wa wenyewe, ataondoka. Usije ukaua mtu ukidhani umeua nyoka."

Baba Happy alitutazama sote kana kwamba anatafuta mwenye akili mmoja. Lakini kumbishia mzee kwake kwenye mkeka hakuweza. "Siku tatu," akasema. "Jumanne asubuhi naja na mchi wangu." Bibi akageuza uso kwenye pipa akasema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto: "Ewe mgeni, hapa pana watoto. Tumekupa siku tatu. Njia iko wazi. Nenda kwa amani, usitudhuru, nasi hatutakudhuru."

Watu wakaenda zao. Mimi nikabaki nikimtazama yule nyoka, naye akinitazama, na nikampenda. Siwezi kulisema vizuri zaidi ya hivyo. Niliona Jumanne ikija, nikauona mchi ukishuka kwenye kichwa kile kidogo, na machozi yakanitoka. Akili yangu ya miaka kumi ikapiga hesabu: akiwa nyuma ya pipa ni wa nyumba, atauawa. Akiwa ndani ya kabati ni wangu.

Kabati lilikuwepo. Mama alikuwa na kabati la zamani la maandazi, vioo pande tatu, nyuma wavu, mlango mdogo wenye komeo. Lilikuwa limetupwa kwenye banda la kuni pale uani tangu aache biashara. Jumamosi hiyo nililipangusa mafuta na majivu. Nikatandika makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mkono, nikafunika kigae cha chungu kona moja ili apate kujificha, nikaweka maji kwenye kifuniko cha kopo la samli. Nikaligeuza liegemee ukuta wa jikoni, upande wa pili wa moto, maana nilijua nyoka hupenda joto. Kufuli nililitoa kwenye sanduku kuukuu la Mama. Ufunguo nikautia uzi, nikauvaa shingoni ndani ya gauni. Hakuna video niliyotazama, na Rajabu hajaniambia jambo hata moja nililolikosea. Kosa langu lilikuwa jingine.

Jumapili saa saba mchana nilitoka uani. Ndiyo, saa ile ile. Milango yote imeshuka mapazia, watu wamelala, hata sokoni kelele zimepungua. Nilikwenda na kanga ya Mama nikaitandaza mbele ya pipa, nikijiandaa kuhangaika naye. Hakunihangaisha. Aliingia ndani ya kanga taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kama aliyeitwa. Alikuwa wa baridi na mzito kuliko alivyoonekana. Nilifunga kufuli, nikageuka, nikamwona Bibi kwenye mkeka wake, ukindu umesimama mkononi.

Jumatatu niliporudi shule nilikimbilia bandani. Panya niliyemtega hakuliwa. Maji hayakuguswa. Nyoka alikuwa amenyooka kama rula, kichwa amekibana kwenye kioo, akielekea dirisha la chumba tulicholala mimi na Bibi. Nikaligeuza kabati. Nilipokwenda kutazama tena, alikuwa amegeuka naye, kichwa kwenye wavu, kule kule dirishani. Nikaligeuza tena. Akageuka tena. Na puani palikuwa pamechubuka kwa kusugua, alama nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Hapo nilielewa kwamba alikuwa akitafuta njia. Alikuwa ameambiwa aende, naye alitaka kwenda. Mimi ndiye niliyemfungia.

Jioni hiyo kabla ya magharibi Bibi alisimama kumuaga mgeni mara ya mwisho. Mama alimshika mkono kumpeleka kwenye pipa. Bibi akautoa mkono, akageuka mwenyewe, akaelekea banda la kuni. "Ewe mgeni, siku zako zimekwisha. Nenda kwa amani." Mama akasema, "Mama, pipa liko huku." Bibi akajibu, "Nimekusikia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtaja mtu: "Mgeni aliyeagwa hafungiwi mlango. Ukimfungia, ipo siku atarudi kudai njia yake."

Ningeweza kwenda kufungua wakati ule. Lakini kesho yake ilikuwa Jumanne, na kama angetoka mbele ya Baba Happy, je? Nikajiambia, akishapita Baba Happy, nitamtoa. Nikaingia ndani nikavuta shuka.

Jumanne asubuhi Baba Happy alikuja na mchi, akasogeza pipa, akachungulia, akakuta ukuta mtupu. "Bibi, kweli ameondoka!" akasema, na nikaona malaika yamemsimama mikononi, yule mtu wa misumari. Watu wakashukuru, kila mmoja kwa dini yake. Mimi nikanyemelea bandani. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa kifuani mwangu, nilikuwa nimeulalia. Vioo vizima, wavu mzima, hakuna tundu la kupita hata mende. Ndani juu ya makumbi palikuwa na gamba, refu, jeupe, lisilochanika popote, hata vifuniko vya macho vimo, na uso wake ukiangalia dirisha letu.

Mchana Bibi aliniita mkekani. "Mke mwenzangu, yule mgeni ulimfungia?"

"Sikumfungia, Bibi."

Alinyoosha mkono kunipapasa uso kama kawaida yake. Mkono ukashuka shavuni, ukafika shingoni, ukakuta uzi. Vidole vikasimama hapo. Vikaufuata uzi mpaka penye ufunguo, vikaushika kupitia gauni. Kisha akaondoa mkono.

"Haya," akasema. "Kama hukumfungia, hana la kukudai."

Hakuniuliza tena. Na tangu siku ile hakuniita tena mke mwenzangu. Aliniita kwa jina langu, kama watu wengine wote. Kabla ya mwaka kuisha alifariki, na mimi sikuwa nimemwambia. Niliosha vyombo vya msiba wake nikiwa na ule ufunguo shingoni.

Nyumba yenyewe haipo siku hizi. Wameiangusha, wamepandisha ghorofa, chini fremu za maduka, na pale palipokuwa na mkeka wa Bibi panauzwa vioo vya simu. Enzi zetu mlango wa mbele ulifungwa wakati wa kulala tu, na mtu akiondoka hata mtaa wa pili aliaga. Leo ninakaa ndani ya nondo na kufuli tatu, jirani wa mkabala simjui jina, na vijana wanatoka na kuingia masikio wameyaziba na nyimbo. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri kwa kila kitu, choo kimoja kwa familia sita si jambo la kulilia. Ila zamani uliulizwa. Mtu alikuketisha, akakuuliza ulichofanya, akasubiri jibu.

Nyoka wa Rajabu aliletwa Jumamosi. Ni wa kahawia, ana mstari mweupe kila upande wa jicho. Jumapili asubuhi nilimkuta amenyooka, kichwa kwenye kioo, akielekea mlango wa chumba changu. "Maza, usiwe na wasi," Rajabu akasema. "Anafuata joto, taa iko upande huo. Nahamisha, simpo." Akahamisha taa. Jumatatu asubuhi nyoka alikuwa upande wenye baridi, kichwa kwenye kioo, mlango wangu.

Rajabu alipokwenda chuoni nilivuta kigoda nikakaa karibu, kwa mara ya kwanza. Puani alikuwa na alama nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Nilipomuuliza Rajabu kwenye simu akasema alinunuliwa hivyo hivyo, labda alijigonga njiani. Labda. Nyoka wa aina hiyo ni wengi, na pua zote hugonga vioo.

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba.

"Nilikufungia," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Bibi aliniuliza, nikamkana. Ni mimi niliyekufungia." Nikafungua komeo la sanduku. Nikaenda nikafungua kufuli zote tatu, nikaacha mlango wa mbele wazi mpaka ngazini, nikarudi kigodani huku nikilia. Nyoka aliinua kichwa, akakaa hivyo kitambo kirefu. Kisha akageuka, akaupa mgongo mlango wangu, akajikunja chini ya gome lake, akalala.

Sijui nilikaa muda gani. Nilishtushwa na viatu vya Rajabu vikipanda ngazi mbio.

"Maza! Mlango wazi, sanduku wazi! Nani kafungua?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama, akatazama sanduku, akarudi kunitazama mimi, akingoja nieleze. Nikampisha kigoda akae.