Gari la Baba Mdogo Linachemsha

Nina shahada ya uhandisi wa mitambo, na nyumbani Kimandolu baba mdogo huniita Injinia. Ndiyo maana mshale wa joto wa gari lake ulipoanza kupanda Septemba hii, aliniuliza mimi kwanza.

Siku mbili nilipima maji ya rejeta, nikasikiliza feni na kujaza daftari michoro. Mwishowe nikamwambia gasketi imeungua, na aliyeiharibu ni fundi Elia wa Ngarenaro, aliyefanya sevisi mwezi wa sita.

Elia amemtengenezea baba mdogo magari miaka ishirini.

"Una uhakika, Injinia?"

"Asilimia mia, baba."

Tukaenda gereji kwa Elia. Baba mdogo akamwambia kwa upole kwamba gari hili hatalileta tena kwake. Mzee Elia hakubisha. Aliitikia shikamoo yangu, akachuchumaa, akaingiza mkono nyuma ya grili na kuvuta polepole kipande kikubwa cha boksi kilichoziba rejeta nzima.

Hapo ndipo nilipokumbuka baridi ya Julai, injini ilivyochelewa kupata moto asubuhi, na mimi nilivyoihurumia nikaikinga upepo kwa boksi.

Bado nilijipa moyo kwamba boksi ni boksi tu. Lakini lilikuwa lile ambalo mama alinitumia kwa basi kutoka Moshi. Mzee Elia akavaa miwani, akasoma maandishi ya maka pen taratibu: "Mzigo wa Injinia Godlisten, Arusha. Parachichi. Usipindue."

Akamgeukia baba mdogo. "Huyu Injinia mnamfahamu?"