Wakwe Wanadhani Nilikataa Kupiga Magoti kwa Kiburi

"Mwanamke anayekataa kupiga magoti mbele ya wakwe ana kiburi cha vitabu, na nyumba yake haifai kupewa binti wa watu." Maneno hayo yalitumwa hapa wiki iliyopita, na wengi wenu mkayashangilia. Mwanamke huyo ni mimi. Admin, nifiche jina, lakini usinipunguzie makali.

Kwanza nimjibu aliyeandika. Kiburi unakijuaje kwa kutazama magoti? Uliona mtu amesimama, ukahukumu moyo wake, ukarudi nyumbani ukiwa umeridhika. Hata muuza dawa wa sokoni humuuliza mteja anaumwa wapi. Wewe hukuuliza.

Nina miaka hamsini na tatu, mjane, mwalimu wa sekondari upande wa Amagoro. Wanaonijua wananijua kwa mdomo. Kanisani, mkutano wa wazazi, WhatsApp, sijawahi kuacha hoja ipite bila kuishika shati. Nimewahi kuandika kwamba kupiga magoti kunawafundisha wasichana kujiona wadogo, na bado naamini hivyo. Ndiyo maana naona aibu sana, kwa sababu siku ile mbele ya wakwe sikuwa natetea imani yoyote.

Mwaka jana niliinama kuchota unga wa mtama kwenye debe, nikasikia kitu kikikatika mgongoni kama kijiti kikavu. Nikadhani ni msuli. Nikajichua, nikaendelea kufundisha. Baadaye nguo zangu zikaanza kufagia sakafu, na darasani wakacheka: "Mwalimu, wewe unarudi form one!" Nilicheka nao, nikaenda chooni kulia.

Daktari mmoja wa Busia alinituma kupigwa picha, kisha kupimwa mifupa Kisumu. Pingili ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea. Ugonjwa wenyewe unaitwa osteoporosis: mfupa unaisha ndani kwa ndani mpaka unavunjika kwa jambo dogo. Akaniuliza kama hedhi ilikoma mapema, maana hilo huharakisha mifupa kuisha. Nilitolewa kizazi pamoja na ovari kabla sijafika arobaini, na hata wifi zangu hawajui.

Alinipa kidonge cha mara moja kwa wiki. Unakimeza asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha unakaa wima nusu saa. Mgongo uliniuma, nikajilaza. Kiungulia kilichonipata kilikuwa kama nimemeza kaa la moto.

"Mwalimu, ulilala baada ya kumeza?"

"Nilijinyoosha kidogo tu, daktari."

"Basi hicho kidogo ndicho kimekuchoma."

Nikaacha dawa bila kumwambia. Alipogundua, akanishauri dripu ya mara moja kwa mwaka. Kwanza figo zipimwe, na jino langu bovu ling'olewe na kidonda kipone, kwa sababu kuna wachache ambao, wakishawekewa dawa hiyo, mfupa wa taya hukataa kupona jino likitolewa. Baada ya dripu huenda nikapata homa na maumivu ya mwili kwa siku chache. Mimi msomaji wa kila kitu nikaingia mtandaoni, nikasoma habari za taya mpaka nikashindwa kula. Nilipomwambia, akasema, "Taya ni nadra, Mwalimu. Mgongo wako umeshavunjika."

Katikati ya hayo, mwanangu, nimwite Wafula, akapata mchumba Mteso wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, Uganda. Nimwite Apio. Binti ana adabu, na ananiita Mama kwa sauti inayonifanya nimsamehe Wafula makosa yake yote. Tulivuka pale Malaba kwenda kujitambulisha. Nilivaa gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, makusudi, maana ule mshipi wake mpana ulifunika mkanda wa mgongo niliopewa hospitali. Hakuna aliyejua.

Mkeka ukatandikwa. Wifi zangu wakapiga magoti kusalimia. Mimi nikabaki nimesimama, nikiwaza: nikishuka nitainukaje? Nikipiga kelele hapa mbele ya watu?

Shangazi yake Apio akacheka. "Mama, shuka basi. Mkeka hauna miiba!"

Ningeweza kusema, "Dada, naumwa." Maneno mawili. Badala yake nikasema kwa sauti ya darasani, "Nimekuja kuomba mke, sikuja kuabudu watu."

Kicheko kikakatika. Apio akainamisha uso. Tulipofika Malaba, Wafula akasema, "Mama, leo ungenyamaza tu."

Sasa wakwe wamesimamisha mipango. Wanataka nirudi mwezi ujao nipige magoti, la sivyo posa imekufa. Wasichana niliowahi kuwafundisha wananitumia ujumbe, "Hongera Mwalimu, umetuwakilisha!" Sijawajibu. Niliwakilisha woga. Niliona afadhali niitwe jeuri kuliko kuitwa kikongwe, na anayelipa ni mwanangu. Naogopa pia wakijua watasema mifupa hii iko katika ukoo, wajukuu watazaliwa nayo. Mama yangu alikufa amepinda mgongo, na daktari hakukataa kwamba hurithiwa.

Nilimuuliza kama dripu itaniwezesha kupiga magoti mwezi ujao. Akasema inazuia mfupa mwingine usivunjike, haiamrishi uliovunjika unyooke.

Mliowahi kuwekewa dripu hiyo, semeni ukweli: homa ilikuwaje, na jino mlilishughulikia vipi? Msiniletee habari za supu ya kwato. Nyinyi wa hongera, zifuteni.

Na wewe shangazi, najua ni wewe uliyeandika, maana ule mkeka usio na miiba umeutaja tena mwishoni mwa andiko lako. Sasa umejua kilichonisimamisha. Nitakuja mwezi ujao, na nitaomba msamaha mbele ya wote waliosikia, kwa sauti ile ile. Niwekee kiti chenye egemeo.