Ni Mvua Tu

Mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu palikuwa na fundi tuliyempachika jina la Mawimbi. Alifunga madishi madogo ya intaneti juu ya mapaa, na mdomo alikuwa nao. Wateja wakija juu kwamba mtandao umekufa, alitazama mawingu kabla hajagusa kifaa chochote.

"Matone yanameza mawimbi," aliwaambia. "Subirini mvua ikatike."

Na kweli, ikikatika, mtandao ulirudi. Aliniudhi kwa kuwa hakukosea hata mara moja.

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, aliishi mlimani, ng'ambo ya bonde. Mawimbi alimfungia dishi kwa mikono yake mwenyewe, wakawa wanapigiana kila mchana. Aliweka sauti juu, nasi tukacheka tukimsikia jitu zima linaulizwa kama limekula. Mvua ikinyesha bondeni katikati yao, sauti ya dada ilifika vipande vipande. Mawimbi alimfundisha asihangaike.

Siku ile mvua ilipiga bati mpaka nikasimamisha cherehani. Dada akapiga. Maneno yalikuja nusunusu, mengine hayakuja kabisa.

"Ni mvua tu, dada. Kata, nitakupigia ikiisha."

Akakata. Hakuwa mtu wa kumbishia mdogo wake mambo ya kazi yake.

Mvua ilipoisha, Mawimbi akapiga. Simu ikaita tu. Akapiga tena na tena, huku akitoka nje kutazama juu. Anga lilikuwa jeupe.

Kiharusi, daktari alisema. Angewahishwa, pengine angepona. Baada ya mazishi tuliketi uani kwa marehemu, na jirani yake, mama mtu mzima, akaja kukaa karibu na Mawimbi. Natamani ningemzuia.

"Nilimkuta na simu mapajani," alisema. "Mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa. Akasema, kwa shida kweli, mdogo wangu amesema ni mvua, tungoje iishe. Basi nikangoja naye, mpaka akaanguka."

Mawimbi alitazama juu. Kisha akauliza, sauti haisikiki vizuri, "Na huku kwenu ilikuwa inanyesha?"

"Wapi, mwanangu. Jua lilikuwa linawaka."