Majina Sita Niliyoyafuta Kwenye Kikuku

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Leo asubuhi nimetoka chumbani kwangu hapa Guangzhou bila kujua niendako. Mgongoni nina begi, na ndani ya begi mna bamba dogo la shaba lenye majina sita. Majina hayo niliyafuta mimi kwenye mzigo wa mtu. Acha nikuambie, maana nikiendelea kukaa nayo kifuani nitapasuka!

Mimi ni mtu wa kuzurura. Shule niliiachia kidato cha pili, Dar es Salaam, nikawa nakwenda popote nikisikia kuna cha kuona. Huku nimefika hivyohivyo. Kichina nimekiokota sokoni. Kazi yangu ni kuwatembeza viwandani wafanyabiashara wa kwetu, kuwatafsiria, na kukagua mzigo kabla haujafungwa. Na kuuliza! Kuuliza ndiyo maradhi yangu.

Mama Solange nilikutana naye kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, humuhumu mjini. Ni Mkongo wa Lubumbashi, mama mtu mzima, mpole. Hakutaka mikoba wala viatu. Alitaka kitu cha mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa mezani, wameubuni yeye na familia chache za kwao. Kuna mji wa kichawi na ukuta wake, majoka yanakuja, na wachezaji ndio walinzi. Kila mmoja anavaa kikuku cha ngozi, kinaitwa Kikuku cha Zamu. Joka likikuua, unakivua, unakigeuza, unasoma kwa sauti jina lililogandamizwa upande wa ndani. Mwenye jina anakushikia zamu, nawe unabaki mchezoni. Bila jina, hakuna uchawi. Ni ngozi tu.

"Na hawa ni akina nani?" nikamuuliza.

"Ni baaskari, mon petit, mwanangu. Ba kweli."

Angeishia hapo. Nikamchimba mpaka akanieleza yote. Walikuwa wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake. Walivaa sare, wakalinda, wakabeba majeruhi. Ilipojulikana, wakafutwa kwenye orodha kana kwamba hawajawahi kusimama zamu hata siku moja. Jina la kwanza ni Albert, kaka yake, dereva wa gari la wagonjwa jeshini, sasa marehemu. Aliyempenda, Papa Firmin, yu hai, ila ni mzee na macho yamekwisha.

"Ye atasoma na kidole," Mama Solange akaniambia. "Njo maana nataka majina ya kugandamiza, siyo ya wino."

Nilijua! Hilo ndilo linaloniua. Nisingejua, leo ningejitetea.

Sampuli ilipotoka kwenye karakana, nikaipitisha ghalani kwa Bakari, mwenzangu wa Dar anayepakia kontena la pamoja. Humo mna mizigo ya watu kibao, na wote wanajuana. Bakari akakigeuza kikuku, akasoma na kikaratasi cha maelezo kilichosema wenye majina ni akina nani.

"Heee! Mashujaa wa mapenzi gani hawa?"

"Mzigo wa mteja tu, bwana."

"Wa mteja, mbona umeukumbatia kama mahari? Sema tu jeshi hilo wamekuandikisha lini, tukutafutie buti!"

Wapakiaji wakacheka. Nami nikacheka. Nikacheka kuliko wote!

Kesho yake nikarudi karakana. Huku kiwanda hakifuati maneno yako, kinafuata sampuli uliyoitia saini. Laoban, yaani bosi, aliniwekea mezani vikuku viwili, kimoja chenye jina na kimoja kitupu alichojaribia rangi. Nikanyooshea kidole lile jina.

"Buyao," nikasema. Sitaki.

Laoban akaniangalia. "Una hakika? Bamba la majina yote limeshachongwa."

"Buyao, laoban."

Nikatia saini kile kitupu. Akanikabidhi bamba, akasema hiyo ni mali ya mteja. Nikalisukuma uvunguni.

Mama Solange alikuwa amesharudi kwao, akiniamini. Nilimtumia picha za upande wa nje tu. Mzigo ukaenda bandari ya Nansha, ukapanda meli. Nikajiambia atadhani kiwanda kimekosea.

Ulipofika, akanitumia ujumbe wa sauti. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga!

"Papa Firmin alikivaa, akakivua, akakigeuza. Kidole kikaenda, kikarudi. Kikaenda tena, kikarudi. Akaniuliza, 'Solange, hata humu Albert hayuko?' Nikamwambia ni mashine iliharibika. Miye nimemudanganya mzee juu yako. Sasa niambie weye, ni mashine?"

Nikaandika, "Ndiyo, Mama, ni mashine." Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Mwisho nikamwambia, "Si mashine. Ni mimi. Niliogopa watu watanicheka."

Akajibu kwa maneno machache tu: "Merci kwa kusema kweli. Usinipigie tena."

Tangu siku hiyo akina mama wa Kikongo niliokuwa nawatembeza hawapokei simu yangu. Siwalaumu. Nikamwendea Bakari, nikitaka tuubebe wote mzigo huu.

"Vikuku vipi?" akaniuliza.

"Vile! Ulivyonichekea!"

"Ah, yale maboksi? Sikufungua hata moja, ndugu yangu. Nilikuwa nakutania tu. Mbona nilishasahau!"

Alishasahau! Ameuza nini yeye? Mimi nimeuza imani ya mama wa watu kwa kicheko cha dakika moja.

Usingizi ukapotea. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Ndiyo leo asubuhi nikalivuta bamba uvunguni, nikatoka. Nikapanda treni, nikashuka, nikapanda basi nisilojua mwisho wake. Nilipoona maduka ya ngozi yamepangana barabara nzima, nikateremka. Kumbe ni Shiling, mji wa mikoba ambao nimeusikia miaka yote sijawahi kuukanyaga.

Karakana ya kwanza wakaniuliza nataka vikuku vingapi. "Kimoja," nikajibu, cha Papa Firmin. Wakacheka. "Buyao!" Ya pili vilevile, buyao. Neno langu mwenyewe lilikuwa linanipiga usoni. Ya tatu palikuwa na mzee mwenye mashine ya kugandamiza kwa mkono. Akalipima bamba kwa kiganja, akanichagulia kipande cha ngozi ya ng'ombe, akasema nirudi kesho asubuhi.

Nyumba ya wageni ya kwanza ikaikataa pasipoti yangu. Ya pili iko juu ya duka la zipu. Nilipokuwa natafuta pasipoti, bamba likaangukia mezani. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaliokota, akapitisha kidole juu ya zile herufi zilizogeuka kinyumenyume. Akidhani sijui Kichina, akaongea kwenye simu, simu ikanitafsiria: imeandikwa nini hapa?

Ningeweza kusema ni kitu cha mchezo tu. Ulimi ulishaanza!

Nikayasoma kwa sauti, yote. Albert. Josephine. Kasongo. Mado. Ilunga. Thérèse. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka. Yule mama akajaribu la kwanza, likamshinda katikati, akajaribu tena mpaka likatoka. Kisha akanipa ufunguo.

Sijui kama Mama Solange atakipokea nitakachomtumia, wala sijui kama Papa Firmin atanisubiri. Ila wewe unayesoma, ukikabidhiwa jina la mtu, usilitoe kwa sababu kuna watu wanakuangalia. Anayekucheka atasahau kabla hajamaliza kupakia. Mimi niko ghorofa ya tatu, Shiling, nimevua viatu na bado siwezi kukaa, naona kidole cha Papa Firmin kinakwenda, kinarudi.