Mbuzi wa Pismillahi

Mama alizaliwa Kuresoi, akasilimu siku ya kuolewa na baba, na kwa miaka ishirini Waislamu wa mtaa wetu hapa Nakuru waliendelea kumwita "yule aliyesilimu". Alifunga Ramadhani zote, akalea mabinti wawili na kutufundisha kusali kabla hata hatujapelekwa chuoni kusoma Kurani, akamzika mume. Bado tu alikuwa mgeni. Wenzake waliozaliwa ndani ya dini hawakuulizwa kitu, hata wale ambao msikiti waliuona tu wakipita kwenda kilabuni.

Kosa lake lilikuwa mdomoni. Lugha aliyonyonya kwa mama yake haikumpa herufi B mwanzoni mwa neno, kwa hiyo bakuli lilikuwa "pakuli", baba alikuwa "papa", na bismillahi yake ilitoka "pismillahi". Baba alipokuwa hai aliitika Papa na hakuona taabu. Mimi niliona aibu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, niliyesifiwa na mwalimu wa chuo kwa kutoa kila herufi mahali pake, na mama alipoanza kula mbele za watu nilijifanya natafuta kitu chini ya mkeka.

Dada yangu mkubwa akaposwa na kijana wa Naivasha. Tukapanga siku: ndoa ifungwe baada ya adhuhuri, watu wale chakula, wageni warudi na gari la moshi la saa kumi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kutembea kulihitaji karatasi ya ruhusa. Mchinjaji wetu, mzee aliyewahi kuwa askari, alikuwa amelala kwa binti yake huko Njoro. Asubuhi mtu wa baiskeli akatuletea habari kwamba amezuiwa njiani, karatasi yake imepitwa na siku. Wageni walikuwa wameshafika, mbuzi wawili wamefungwa uani, maji ya pilau yako motoni.

Wanaume walikuwepo, usidhani hawakuwepo. Baba mdogo alisema usiku alikuwa na mkewe na bado hajaoga, na maji ya Nakuru asubuhi yanauma. Jirani wa kulia alisema damu inamtia kizunguzungu. Jirani wa kushoto, aliyekuwa akinuka pombe ya jana, alisema mkono wake hauna utulivu, na huyo nilimwamini. Jua likapanda, wao wakaendelea kunywa chai na kuilaumu serikali.

"Pasi," mama akasema, "leteni kisu."

Alitawadha, akamlaza mbuzi wa kwanza kuelekea kibla, ambayo kwetu ni upande wa Menengai. Mimi nilishika miguu. Akataja kwa sauti ya juu, makusudi, asije mtu kusema hakutaja: "Pismillahi, Allahu Akbar!" Akafanya vivyo hivyo kwa yule wa pili, akajifuta jasho, na nilimwona amefurahi.

Nyuma ya ua alikuwepo ami yake bwana harusi, akitia udhu. Mtu huyu alidai ukoo wao umetoka Lamu, ingawa bahari yenyewe aliiona kwenye kalenda ya duka la Mhindi. Akatokea huku ndevu zinadondoka maji.

"Nani kachinja?"

"Ni mimi," mama akasema.

"Mwanamke?"

Mwalimu wetu wa chuo akaitwa. Alikuwa kijana mwoga, lakini kitabu alikuwa amekisoma. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanamke Mwislamu akichinja, nyama ni halali, wala hakuna shida.

"Kitabu kinasema," ami akakubali. "Lakini sisi hatujazoea."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtaani kwetu kulikuwa na dini mbili, moja ya kitabu na nyingine ya mazoea ya wanaume, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa. Lakini mwalimu hakurudi nyuma, kwa hiyo ami akatafuta mlango mwingine.

"Tena nimesikia kwa masikio yangu haya. Hakusema bismillahi. Kasema 'pismillahi'. Haya, niambieni nyinyi: Kiarabu kina P?"

Watu wakatazamana. Wengi wao Kiarabu walikijua kwa kukisikia tu, lakini walitikisa vichwa kama wasomi.

"Hakina!" ami akasema. "Sasa huyu mbuzi kachinjwa kwa jina la nani?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Ami akabana midomo akamwiga mama, "Pismillahi!" na wakacheka tena, yule mlevi kuliko wote. Hakuna aliyemuuliza yeye hutaja herufi gani anapoinua kikombe chake. Na mimi nilicheka. Damu ya mbuzi iko vidoleni mwangu, nikacheka pamoja nao, kwa sababu B yangu mimi ilikuwa safi. Mama aliniangalia mara moja tu, kisha akainama kufuta kisu kwenye nyasi.

Baba mdogo akatoa shauri: nyama wapewe majirani Wakristo, sisi tupike maharagwe.

"Maharagwe harusini?" ami akasema. "Hapana. Nyumba isiyojua kulitaja jina la Mungu, sisi hatuwezi kuoa huko. Vijana, kusanyeni mizigo."

Kicheko kikakatika. Mama alisimama na kisu chake. Binti yake alikuwa anaachwa kabla ya kuolewa, kwa herufi moja, nayo imetoka kinywani mwa mama mwenyewe.

Dada alikuwa chumbani amefunikwa kanga, amekatazwa kutoa sauti kama bibi harusi yeyote. Dirisha likafunguka.

"Ami," akaita, "Fatiha nimefundishwa na mama, kabla sijajua chuo ni nini. Kama mdomo wake haufai, basi na sala yangu haifai, na hakuna ndoa. Gari la moshi ni saa kumi, lakini stesheni iko na benchi. Mnaweza kungojea huko."

Hakuna aliyewahi kusikia bibi harusi akifukuza wageni. Bwana harusi, ambaye mpaka hapo nilimdhania bubu, akasema, "Mimi nitakula." Zaidi ya kuikubali ndoa hakusema lingine siku nzima, lakini lilitosha. Mwalimu akafungisha ndoa mbio mbio kabla ami hajapata herufi nyingine.

Pilau ilipopakuliwa, ami alieleza kwamba yeye ni msafiri, na msafiri ana dharura zake. Kwa dharura hiyo alikula sinia mbili, akagonga mfupa akanyonya uboho, akauliza kama kuna ukoko. Mama ndiye aliyempelekea. Aliupokea bila kumtazama.

Siku chache baadaye mama aliniita jikoni. "Mwanangu, wewe umesoma. Nifundishe hiyo herufi."

Leo najua ningemjibu nini. Ningemwambia Mungu alimsikia tangu Kuresoi, na kwamba ni mimi ninayehitaji kufundishwa. Badala yake nilikaa mbele yake, nikamwonyesha namna ya kubana midomo na kuvuta sauti kutoka kooni.

"Pi," akasema.

"Hapana, mama. Bi."

"Pi."

Tulifanya hivyo siku nyingi. Sikuchoka kumkosoa, na nilijiona nina subira sana. Kisha akaacha kuniita. Akila, akiwasha jiko, akifungua mlango asubuhi, kwenye bismillahi midomo ilicheza tu, sauti haikutoka. Nikamwandikia dada huko Naivasha kwamba masomo yamefaulu, mama siku hizi hakosei tena.